Maswali ya Wasomaji: Nani anavuta kromosomu ndani ya yai la mnyoo?

Toleo lililopita niliandika kidogo kuhusu yule mnyoo wa maabara, Caenorhabditis elegans, urefu wake milimita moja hivi, mwili unaona mpaka ndani, nikasema ukiliweka yai lake chini ya hadubini utaona kromosomu zikihamishwa huku na huku na protini za mota. Sentensi moja tu nikapita zangu. Kumbe ndo hiyo mliyoing'ang'ania, maswali karibu yote yaliyokuja ni ya hapohapo. Haya basi, ila sitajibu kwa usawa, yapo yaliyonikuna na yapo ambayo mistari michache inatosha.

Shikamoo mwalimu. Ulisema kromosomu zinahamishwa. Zinahamaje na hazina miguu? Mi siku zote nilidhani zinaelea tu mpaka zinafika zinakokwenda.

Marahaba mwanangu. Kwa kuelea hazifiki, au zikifika basi ni kwa bahati na kwenye mgawanyiko wa seli bahati haitoshi. Ndani ya seli kumesongamana sana, kitu kikubwa kama kromosomu kinahitaji kubebwa. Barabara zipo, ni vijibomba vyembamba vinaitwa mikrotubuli, unene wake nanomita 25, na kila kijibomba kina ncha mbili zisizofanana, moja tuiite ncha ya kutoa (−) na nyingine ncha ya kuongeza (+). Juu ya barabara hizo zinatembea protini za koo mbili. Kinesini nyingi zinaelekea ncha ya kuongeza, dainini yeye anaelekea ncha ya kutoa. Nauli ni ATP, molekuli ya nishati, ileile inayokimbiza msuli wako.

Hatua moja ya kinesini ni nanomita 8. Yai la huyu mnyoo lina urefu wa kama mikromita 50, piga hesabu mwenyewe, kulivuka lote ni hatua 6,250 na kila hatua inakula ATP moja. Na zile video za kuchora zinazoonyesha kinesini inatembea kwa maringo kama mwanamitindo mi sizipendi, zinadanganya kidogo, kule chini molekuli za maji zinaipiga kila upande bila kupumzika, ni kama kutembea kwenye upepo mkali ukiwa umeshika ukuta.

Habari mwalimu. Mimi ni mwaka wa kwanza, tulipewa mayai ya C. elegans tuangalie. Niliona mapovu mawili yakikutana, halafu baadaye kidogo upande mmoja wa yai ukaanza kutikisika kushoto kulia kushoto kulia. Mwenzangu akasema yai linakufa kwa sababu nimelikandamiza na kioo. Ni kweli nimeliua?

Hujaliua! Umeona kitu ambacho watu wamekiandikia tasnifu nzima, na mwenzako amekupotezea raha bure. Ngoja tuende taratibu maana hili ndo swali nililolipenda kuliko yote.

Hayo mapovu mawili si mapovu, ni viini. Saitoplazimu ya yai imejaa chembechembe, ndo maana inaonekana kama mchanga, na kiini hakina chembe hizo kwa hiyo kinajitokeza kama duara safi. Duara moja ni la mama, mara nyingi liko upande wa mbele, la pili limeletwa na mbegu ya baba na liko nyuma. Na baba hakuleta DNA peke yake, kaja na sentrosomu, yaani kile kitovu ambacho mikrotubuli zinaota kutoka kwake kama miale, ncha za kuongeza zikitazama nje na za kutoa zikibaki kitovuni. Sasa kiini cha mama kinashika safari kuelekea nyuma. Mwanzoni kinajikokota, halafu ghafla kinaongeza mwendo, kama uliangalia vizuri utakuwa umeiona hiyo. Ule mwendo wa haraka ni dainini, imekaa kwenye ganda la kiini cha mama na inakimbilia ncha ya kutoa, yaani kitovuni kwa baba, kwa hiyo kiini kizima kinaburutwa mpaka vinagusana. Vikishagusana vinasogea pamoja katikati ya yai, vinazunguka nyuzi 90, maganda yanayeyuka na kromosomu zinapangwa kwenye mtambo wa nyuzi unaoitwa spindeli.

Haya sasa kutikisika kwako. Spindeli mwanzo imekaa katikati kabisa. Halafu inaanza kusogezwa nyuma, na ule mwisho wake wa nyuma unayumba huku na huku kama mkia wa samaki wakati wa mbele umetulia au unayumba kidogo tu. Hiyo ndo uliyoiona, inatokea kwenye kila yai zima la afya. Anayefanya hivyo ni dainini tena ila safari hii kafungwa kwenye ngozi ya seli kwa ndani. Fikiria mtu amefungwa kwenye nguzo halafu kapewa kamba aipande, anajitahidi kupanda lakini haendi popote, kamba ndo inamjia. Kamba ni mikrotubuli, na mwisho wa kamba kuna spindeli. Dainini za ngozi ya nyuma zinavuta kwa nguvu zaidi kuliko za mbele, basi mtambo wote unaelekea nyuma, na kwa sababu wavutaji wako pande zote mara huyu anashinda mara yule, ndo unaona kuyumba.

Matokeo yake ni kwamba seli haikatwi nusu kwa nusu. Ya mbele inaitwa AB, ni kubwa, ya nyuma inaitwa P1, ni ndogo, na AB itagawanyika tena kama dakika mbili kabla ya mwenzake. Tofauti hiyo ndo mwanzo wa mwili mzima kujua huku ni kichwa na huku ni mkia, na mayai yatakayozaa kizazi kijacho yanatoka upande wa P1.

Na tunajuaje kwamba ni kuvutwa na sio kusukumwa kutoka katikati? Mwaka 2001 Stephan Grill na wenzake walichukua leza wakaikata spindeli katikati yai likiwa hai. Kama katikati ndo panasukuma, ukikata hapo, ncha zote mbili zingesimama. Hazikusimama, zilifyatuka kila moja upande wake, na ya nyuma ikaenda kwa kasi zaidi. Mi nikifundisha hili huwa nasimama hapo nawaacha wanafunzi wakae nalo kidogo, maana jaribio lenyewe ni la sekunde chache tu lakini limemaliza ubishi mkubwa. Anayewaambia dainini za nyuma zivute zaidi ni mnyororo wa protini, PAR zinagawana ngozi ya yai mbele na nyuma, halafu chini yao kuna GPR-1/2 na LIN-5 zinazoishikilia dainini pale. Hizo PAR zilipatikana miaka ya themanini mwishoni kwenye kundi la Kenneth Kemphues, walitafuta minyoo ambayo mayai yao yanajikata sawasawa wakati hayatakiwi kuwa sawa.

Ila kuhusu kioo mwenzako ana hoja ndogo. Ukikandamiza sana yai linapasuka. Weka kipande chembamba cha agari chini yake, na kulihamisha yai usitumie sindano, tumia unywele wa kope uliogundishwa kwenye kijiti. Usicheke, maabara nyingi zinafanya hivyo mpaka leo, hakuna kifaa cha dukani kinachoshinda kope.

Mnajuaje jeni fulani ndo inafanya kazi fulani? Au mnakisia?

Tunaharibu, halafu tunaangalia nini kimegoma. Kikatili kidogo lakini ndo njia.

Ipo njia ya kumlisha. Huyu mnyoo anakula bakteria, basi unatengeneza bakteria wenye RNA ya nyuzi mbili inayofanana na jeni unayotaka kuizima, mama anakula, jeni inanyamaza, na mayai yake ndo yanaonyesha hitilafu kwa sababu mama ndo anayeyajaza protini. Kwamba RNA ya nyuzi mbili inazima jeni ni ugunduzi uliofanyika kwa mnyoo huyuhuyu, Andrew Fire na Craig Mello mwaka 1998, Nobeli wakaipata 2006. Baada ya hapo watu wakazima jeni karibu zote moja baada ya nyingine, na mnyoo ana kama jeni 20,000 za protini, wakarekodi video ya mgawanyiko wa kwanza wa kila moja.

Njia ya pili ni minyoo yenye jeni isiyovumilia joto. Wapo wenye hitilafu kwenye dhc-1, hiyo ndo jeni ya mnyororo mkubwa wa dainini, kwenye nyuzi 15 wanaishi na kuzaa bila wasiwasi, ukiwapandisha nyuzi 25 au 26 mayai yote yanakufa. Mimi nimewahi kulipia hili. Friji yetu ya nyuzi 15 ilizima usiku na chumba kilikuwa cha moto, asubuhi nafungua sahani naona mamia ya mayai na hata mtoto mmoja hajaanguliwa. Nilikasirika kwanza, halafu nikasema si mayai yapo bwana, ngoja nipasue mama mmoja nione yale machanga. Kiini cha mama kimekaa mbele hakijasogea, cha baba kiko nyuma kinamsubiri, sentrosomu mbili ambazo zingetakiwa zimeshaachana bado zimebanana. Hakuna kukutana, hakuna kuzunguka. Jeni moja ikilala safari zote zinalala, kwa sababu dainini ya kazi za ndani ya seli ina hiyo dhc-1 tu, tofauti na kinesini ambazo jeni zake ni kama 20 na kila moja ina kibarua chake.

Na vibarua hivyo havifanani kabisa. zen-4 ikiharibika kromosomu zinaachana vizuri tu, seli inaanza kujikunja katikati, mkunjo unaingia mpaka karibu kukata, halafu unarudi nyuma kama mtu aliyebadilisha mawazo, unabaki na seli moja yenye viini viwili. klp-7 nayo ni ya ukoo wa kinesini lakini haitembei, inakaa kwenye ncha ya mikrotubuli inaibomoa. klp-19 inakaa kwenye kromosomu zenyewe inasaidia zijipange katikati zisielekee ncha moja.

Dokta samahani, minyoo yangu imeanza kutoa madume mengi. Nilisoma kuwa wengi ni huntha na dume ni nadra. Je wamechanganyika na wa mtu mwingine?

Inawezekana wamechanganyika, ila kabla ya kumlaumu jirani wa mezani angalia jina la aina uliyopewa. Kama lina herufi him, kifupi cha Kiingereza cha madume mengi, umepewa makusudi.

Huntha ana X mbili, dume ana X moja tu. Hakuna Y. Kwa hiyo dume anapatikana pale ambapo X moja imepotea njiani wakati mayai au mbegu zinatengenezwa, na kwa mnyoo wa kawaida hiyo inatokea mara moja hivi kwa kila watoto mia tano mpaka elfu. Kwenye him-8 madume ni kama 37%. Yaani zaidi ya theluthi. Ni zawadi kubwa kwa mtafiti, kosa la kromosomu ambalo kwa wanyama wengine ungelitafuta kwa shida, hapa unalihesabu kwa macho, unahesabu mikia tu maana mkia wa dume umetanuka kama feni.

Sasa mota zinaingiaje? Kabla ya kugawana, kromosomu ya mama na ya baba lazima zitafutane zilale pamoja, na mnyoo ana jozi sita za kutafutana. HIM-8 inashika X kwenye sehemu maalumu karibu na ncha yake na kuibandika kwenye ganda la kiini, ZIM-1, ZIM-2 na ZIM-3 zinafanya hivyohivyo kwa zile nyingine tano. Kwenye ganda kuna protini mbili zinazopokezana, SUN-1 ndani na ZYG-12 nje, na nje kabisa kuna nani? Dainini yuleyule. Anaikokota ZYG-12, na kromosomu iliyobandikwa kwa ndani inafuata, zinazungushwa zinagongana zinaachana mpaka kila mmoja anampata wake. Dainini ikipungua, kutafutana kunachelewa na kushonana kunakwama. him-8 ikikosekana ni X peke yake inayobaki bila mwenza, zile tano hazina shida, ndo maana watoto wanaishi vizuri na kinachobadilika zaidi ni jinsia yao.

Kitabu changu kinaonyesha kromosomu ina kiuno katikati, na nyuzi zinashika hapo kwenye kiuno. Kwenye picha za mnyoo sioni kiuno.

Hana. Kromosomu zake zinashikwa urefu wote, kama mkeka unaoshikwa ukingo mzima badala ya pembe moja. Ndo maana zikiachana zinaonekana kama vijiti viwili vilivyonyooka vinavyoachana sambamba, sio zile V za kitabuni.

Na kwa kuwa umegusa picha, jingine ambalo vitabu vinaliruka. Yai la mama likiwa linajiandaa halina sentrosomu kabisa, ile inakuja na mbegu. Kwa hiyo spindeli ya meiosisi ya mama, ule mgawanyiko unaopunguza kromosomu ziwe nusu, inajengwa bila kitovu, na kinesini KLP-18 ndo inayopanga nyuzi zile zikae ncha mbili. Halafu kinesini nyingine, UNC-116, inaisogeza spindeli mpaka kwenye ngozi ya yai, ili kromosomu zinazotupwa zitupwe kwenye kifuko kidogo sana na yai libaki na akiba yake yote.

Nimeona jeni ya mota inaitwa unc-104. unc maana yake nini, na inahusiana vipi na kromosomu?

Na kromosomu haihusiani. unc ni kifupi cha Kiingereza cha mnyoo asiyeweza kuratibu mwendo wake. Sydney Brenner, aliyemleta huyu mnyoo maabara na kuchapisha kazi yake kubwa mwaka 1974, aliwapa majina kwa kuangalia wanavyotambaa, wala haikujulikana jeni inatengeneza nini. Baadaye sana ndo ikaonekana unc-104 ni kinesini inayobeba vifurushi vya kemikali za neva kutoka kwenye mwili wa seli kwenda miishoni. Vifurushi visipofika msuli hauambiwi kitu. Jina la jeni kwa mnyoo ni malalamiko, linakwambia nini kiliharibika, halikwambii kazi ni nini, na UNC-116 niliyoitaja juu ni hivyohivyo, ilijulikana kwa mtambao mbovu kabla ya kujulikana kwa spindeli.

Hayo ya mnyoo yanamhusu nini binadamu?

Zaidi ya unavyofikiri. Dainini haifanyi kazi peke yake, ina msaidizi anaitwa LIS-1 kwa mnyoo, ukimwondoa yai linaharibika karibu sawasawa na lile la friji yangu. Jina limetoka kwa binadamu, mtoto aliyezaliwa na nakala moja mbovu ya LIS1 ubongo wake unakuwa laini bila mikunjo, kwa sababu seli za neva zinashindwa kuhamisha viini vyao na kufika mahali pake wakati ubongo unajengwa. Na ndugu wa unc-104 kwetu anaitwa KIF1A, ikiharibika inaleta maradhi ya neva, miguu kukakamaa ikiwemo.

Mimi ni yule wa mwaka wa kwanza, nimerudi! Kama dainini zinavuta hivyo pande mbili, mbona spindeli haikatiki yenyewe bila leza?

Wewe nimeshakupenda. Inakatika, ukiiondolea kiungo. Katikati mikrotubuli za pande mbili zinapishana na zimefungwa pamoja na protini, mojawapo SPD-1. Zima spd-1 uangalie mgawanyiko wa kwanza, utaona spindeli ikijikata yenyewe kama kamba iliyooza na ncha zinaruka, inafanana kabisa na ya leza.

Halafu kuna BMK-1, kinesini ambayo kwa wanyama wengi ndo inayosukuma ncha mbili ziachane, bila yake mgawanyiko unakwama. Kila mtu alitegemea hivyo kwa mnyoo pia. Wakaiondoa kabisa. Ncha hazikukwama, ziliachana kwa kasi kuliko kawaida, maana yake hapa BMK-1 ilikuwa breki. Na mayai yaliangua, watoto wakatambaa, wakazaa.